Stesheni Isiyokuwa na Reli: Habari za Gati na Bohari ya Mizigo ya Homa Bay

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)

Bwana Mwenyekiti, Waheshimiwa Wazee, na Wanachama wenzetu wa kutoka Homa Bay na Migori,

Halmashauri ilitutaka tusome mbele yenu, baada ya hesabu za mwaka, maneno machache juu ya gati la Homa Bay na bohari yake ya mizigo. Baadhi yenu mmeuliza jambo hilo lina uhusiano gani na chama cha kusaidiana katika ugonjwa, masomo na mazishi. Twaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwa maana habari hii imetokana na msiba wa mmoja wetu, na mwisho wake ni ombi ambalo ninyi peke yenu ndio mnaoweza kulijibu.

Mwaka huu tulimzika mzee wa Chama hiki ambaye tangu ujana wake alikuwa hamali katika gati hilo. Jina lake hatulitaji hapa, kwa ombi la nyumba yake. Kama ilivyo desturi, jamaa zake walituita tuandike historia ya marehemu ya kusomwa siku ya maziko. Tuliuliza alianza kazi mwaka gani, alilipwa na nani, na aliacha lini. Hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika. Mjane wake alituambia ya kuwa bega la kulia la marehemu lilikuwa na sugu ngumu mpaka siku ya kufa kwake, na zaidi ya hiyo hakuna ushahidi wa kazi yake uliosalia nyumbani.

Baada ya matanga mjane alikwenda katika ofisi moja kuuliza kama mumewe alikuwa ameacha haki yoyote. Akaombwa namba ya kazi ya marehemu. Hakuwa nayo, akarudi nyumbani. Hatusemi hayo kwa kumlaumu karani aliyemhudumia. Sisi nasi ni makarani, na twajua kwamba karani hawezi kumlipa mtu ambaye jina lake halimo katika daftari. Shida ilikuwa imemtangulia karani yule kwa miaka mingi sana, na hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

KUHUSU STESHENI HIYO

Vijana wetu hushangaa wakisikia wazee wa Homa Bay wakisema kwamba walifanya kazi "Relwe", hali garimoshi halikupata kufika kwetu hata siku moja. Lakini wazee wasema kweli.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Nia ya Serikali ya Uingereza ilikuwa kufika Uganda, na kutoka Kisumu njia iliyobaki ilikuwa ya maji. Kwa hiyo Relwe yenyewe ikawa na meli zake, manahodha wake na magati yake, na kila gati lililojengwa kando ya ziwa likawa kama stesheni moja zaidi ya njia ile ile iliyotoka Mombasa.

Meli ya kwanza ya mvuke iliyotumwa ziwani kwa njia ya Mombasa iliitwa William Mackinnon. Iliundwa Uskochi, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa kwa bahari. Wakati huo reli ilikuwa bado iko mbali na ziwa, basi vipande vingi vilichukuliwa na wapagazi kwa vichwa na mabega, nchi kavu, hata vikafika Kisumu. Meli ikaunganishwa huko na kuteremshwa majini mwaka 1900, yaani kabla reli haijafika. Mackinnon alikuwa tajiri wa kampuni iliyotangulia kushika nchi hii kabla ya Serikali, na jina lake liliandikwa ubavuni mwa meli. Majina ya wapagazi hatukuyakuta yameandikwa popote.

Baada yake zilikuja nyingine: Winifred mwaka 1902, kisha Sybil, kisha Clement Hill na Nyanza mwaka 1907, Usoga mwaka 1913, na Rusinga mwaka 1914, ambayo ilipewa jina la kisiwa chetu wenyewe. Ndugu zetu wa upande wa Migori nao walizijua meli hizo kwa bandari ya Karungu. Septemba 1914, vita vilipokwisha kuanza, Winifred ilifika Karungu na askari wa Kiingereza ikakuta Wajerumani wamekwisha kutangulia na chombo chao, ikalazimika kurudi nyuma na kuja tena pamoja na chombo cha pili kiitwacho Kavirondo. Wakati ule pwani zetu zilikuwa na maana hata kwa majeshi ya Ulaya.

KAZI ILIVYOENDESHWA

Sasa twaeleza bohari ilivyofanya kazi, kama tulivyoelezwa na wazee. Mwenye mzigo aliuleta mpaka bohari. Mzigo ulipimwa kwa mizani, ukatiwa alama ya mwenyewe, na karani akauandikia hati. Katika hati aliandika jina la mwenye mzigo, jina la apelekewaye, aina ya mzigo, idadi, uzito na nauli. Meli ilipokuja, mzigo ulipakiwa na kupelekwa Kisumu. Huko ulitolewa, ukatiwa ndani ya behewa, na kuendelea na safari kwenda Nairobi au Mombasa chini ya shirika lile lile lililoupokea Homa Bay. Kwa kila hali bohari ile ilikuwa stesheni ya mizigo, ila haikuwa na reli.

Kutoka kwetu vilikwenda marobota ya pamba kutoka kiwanda cha kuchambulia cha Homa Bay, na magunia ya mahindi, njugu na ufuta, na samli, na ngozi. Kwetu viliingia chumvi, sukari, nguo, majembe, mabati na baiskeli. Karibu kila nyumba ya mabati iliyojengwa siku zile katika nchi ya South Nyanza, paa lake lilipita majini kabla halijapanda juu ya kuta.

Na kila kitu kilichopita kilipita begani mwa mtu. Gunia moja la mahindi ni ratili 200, ndizo kilo 90. Hamali aliliweka begani ndani ya bohari, akatembea juu ya gati, akapita ubao wa kuingilia melini, akalitua, akarudi kuchukua jingine. Wazee hutueleza kwamba watu walichaguliwa asubuhi mlangoni pa bohari kwa idadi iliyotakiwa siku hiyo, wakalipwa jioni. Siku isiyo na meli haikuwa na mshahara. Mtu aliyevunjika mguu hakuitwa tena, na mahali pake palichukuliwa na mwingine kesho yake.

Twaomba mtazame jambo moja hapa. Gunia likipotea kati ya Homa Bay na Mombasa, mwenyewe aliweza kuonyesha hati yake na kudai alipwe. Hamali akipotea, hapakuwa na hati ya kuonyesha. Katika daftari la siku iliandikwa idadi ya vibarua na jumla ya fedha, basi.

KIPANDE NA DAFTARI

Huenda mmoja wenu atasema ya kuwa watu wa zamani walikuwa na karatasi, nayo ni kipande. Ni kweli. Tangu mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kuchukua kipande katika kibweta cha bati, aghalabu kikining'inia shingoni, na ndani yake mwajiri aliandika kazi na mshahara. Lakini kipande kiliwekwa ili mtu aliyeacha kazi bila ruhusa aweze kukamatwa. Hakikuwekwa ili mtu huyo apate haki yake uzeeni. Mwenye kusoma historia atakumbuka mkutano wa Desemba 1921 huko Lundha, katika nchi ya Gem, ulioitwa Piny Owacho, ambapo watu wetu walilalamikia kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Kutoka harakati hizo ndipo kilipozaliwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo mwaka 1923, nacho ni kama babu wa vyama vyetu hivi vya leo.

Tena tukumbuke wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Kariakoo. Watu wengi wa Nyanza walichukuliwa kwenda Tanganyika kubeba chakula na risasi, na maelfu hawakurudi. Vita vilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa ilibaki bila kulipwa. Sababu moja iliyotolewa ni kwamba jamaa zao hawakuweza kupatikana, kwa kuwa majina yalikuwa yameandikwa vibaya au hayakuandikwa pamoja na kijiji na ukoo. Basi hasara aliyoipata mjane wetu mwaka huu, bibi zetu waliipata zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Lakini si kila mahali mambo yalikaa hivyo. Huko Mombasa makuli wa gati waligoma mwaka 1939, wakagoma tena pamoja na wafanyakazi wengine wa mji Januari 1947, wakagoma tena mwaka 1955. Katika mgomo wa mwaka 1955 aliyesaidia kuleta mapatano alikuwa Tom Mboya, mtu wa asili ya Rusinga, ambaye kaburi lake liko kisiwani huko. Katika miaka ile makuli wa Mombasa walianza kuandikishwa kwa majina, na kazi ya kibarua cha kutwa ikaanza kupunguzwa kidogo kidogo. Hivyo mtoto wa ziwa hili alikwenda kuwasaidia watu wa gati la bahari. Kwa magati madogo ya nyumbani kwake, wazee wetu hawakumbuki kuona uandikishaji wa namna ile.

JINSI KAZI ILIVYOKWISHA

Wengi huuliza bohari ilifungwa na nani. Katika kuuliza kwetu tumeona kwamba hapakuwa na pigo moja. Palikuwa na mambo matano, na kila moja lilichukua sehemu yake.

La kwanza ni maji yenyewe. Tangu mwisho wa mwaka 1961 hata mwaka 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, na magati yaliyojengwa kwa kipimo cha zamani yakafunikwa. Ilibidi yainuliwe ndipo kazi iendelee.

La pili ni meli za namna mpya. Katika miaka ya 1960 Relwe ilileta Umoja na Uhuru, meli kubwa zinazobeba mabehewa mazima juu ya sitaha. Zilikuwa maendeleo makubwa, kwa kuwa behewa lilitoka relini likaingia melini bila gunia kuguswa. Lakini meli hizo zaweza tu kutia nanga penye gati la reli, kama Kisumu, Jinja, Port Bell, Musoma na Mwanza. Stesheni isiyokuwa na reli haikuweza kuzipokea. Shehena kubwa ikapita mbali, na kwetu zikabaki meli ndogo.

La tatu ni barabara. Lori humfuata mkulima mpaka mlangoni, na mzigo hupakiwa mara moja tu. Barabara ya Kisumu, Kisii, Migori na Isebania ilipotengenezwa, mizigo ya Migori haikuwa na haja tena ya kutafuta maji. Kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, kilizaliwa na kukua kwa malori.

La nne ni kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka mwaka 1983, na meli zikagawanywa.

La tano ni pamba na magugu maji. Wakulima walichoka kungojea malipo yaliyochelewa, wakaacha pamba. Na katika miaka ya 1990 magugu maji yakafunika ghuba ya Winam hata mitumbwi ikashindwa kutoka.

Yafaa tuongeze jambo linalotuhusu zaidi. Shirika lilibadilika jina mara nyingi. Mpaka mwaka 1948 lilikuwa Reli na Bandari za Kenya na Uganda. Mwaka huo likawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari za bahari zikatengwa na reli, na meli za ziwa zikabaki upande wa reli. Mwaka 1978 likaja Shirika la Reli la Kenya. Hamali aliyebeba mizigo kwa miaka 30 alifanya kazi kwa mabwana watatu au wanne bila ya kuhama katika gati lile lile, na kila bwana mpya alirithi tu yale aliyoyakuta yameandikwa.

Mwaka 1984 nchi tatu zilitia sahihi mapatano ya Arusha ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya. Meli zilihesabiwa, mabehewa yalihesabiwa, majengo yalihesabiwa. Hata malipo ya uzeeni ya watumishi waliokuwa katika orodha yalitajwa, kila nchi ichukue watu wake. Kibarua wa kutwa hakuwa katika orodha, basi hakuweza kugawiwa mtu yeyote.

OMBI LETU

Wako wanachama waliopendekeza kwamba Chama kitumie fedha yake kudai jengo la bohari lihifadhiwe. Twaheshimu wazo hilo. Lakini jengo si mali yetu, na mwenye mamlaka aweza kulitengeneza au kulibomoa. Maji nayo hayana adabu kwa majengo: mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, likapita hata kipimo cha mwaka 1964. Tena fedha yetu ni kidogo, na yapasa iende kwa wagonjwa na wanafunzi. Lililo katika uwezo wetu ni kuandika majina, na kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji kalamu, na yahitaji wazee wakiwa bado hai.

Kwa hiyo, kwa idhini ya Halmashauri, twaleta mbele yenu mambo manne.

Kwanza, Chama kifungue daftari la watu wote waliofanya kazi katika magati ya Homa Bay, Kendu Bay, Karungu na kwingineko kwetu: jina la mtu, jina la baba yake, kijiji, ukoo, kazi aliyoifanya, na miaka kwa kadiri ikumbukwavyo. Kila jina lishuhudiwe na watu wawili. Asiyekumbuka mwaka atuambie alikuwa gatini kabla au baada ya maji kupanda, nasi tutajua.

Pili, kila mwenye karatasi ya zamani ailete, iwe kipande, hati ya mzigo, stakabadhi ya kodi au picha. Tutainakili mbele yake na kumrudishia siku hiyo hiyo. Mchwa hawangojei mkutano wa mwaka ujao.

Tatu, wanawake wasisahauliwe. Mama zetu waliopika uji na kuuza samaki mlangoni pa bohari waliwalisha watu wa gati, na aghalabu waliwakopesha mpaka siku ya meli. Wao wajua majina kuliko karani yeyote, kwa sababu walikuwa wakidai.

Nne ni letu sisi wenyewe, na twalisema kwa aibu. Tulipokuwa tukitayarisha hotuba hii tulifungua daftari la matumizi la Chama la mwaka uliopita. Tulikuta tumeandika kwa mkono wetu: "Vibarua wanne, kupakua saruji na mchanga", na mbele yake fedha waliyolipwa. Majina hatukuandika. Tulilaumu makarani wa zamani, kumbe kalamu yetu ilikuwa ikifanya yale yale. Tumewatafuta watu hao, watatu wamepatikana na majina yao yameongezwa. Wa nne alikuwa mpita njia, na hapana amjuaye. Twaomba Mkutano uamue kwamba tangu leo Chama hakitamlipa mtu yeyote pasipo kuandika jina lake kamili.

Waheshimiwa Wazee, hatutaki kuwadanganya. Daftari hili haliahidi fedha kwa mjane wetu wala kwa mwingine. Huenda ofisi ikalikubali kuwa ushahidi, huenda ikalikataa. Lakini mjukuu akiuliza babu yake alifanya kazi gani, atajibiwa kwa maandishi. Tena kazi ya ziwa haikufa kabisa. Feri huvuka kati ya Mbita na Luanda K'Otieno, na tangu mwaka 2019 bandari ya Kisumu imetengenezwa upya, hata ile meli ya Uhuru iliyokuwa imelala ikarudi kubeba mafuta kwenda Uganda. Kama siku moja mizigo itarudi Homa Bay na Karungu, watakaoibeba watakuwa watoto wetu. Basi na waingie kazini wakiwa na namba, na nakala yake iwe nyumbani kwa mama zao.

Daftari liko hapa juu ya meza, limepigwa mistari tayari. Jina la kwanza ni la yule mzee tuliyemzika, nalo limeshuhudiwa na wenzake wawili waliobeba pamoja naye, ambao wameketi nasi leo katika safu ya mbele. Nafasi ya pili na ya tatu ni zao. Twawaomba wasiondoke kabla hatujawaandika.

Sisi watumishi wenu,

Karani wa Chama, kwa niaba ya Halmashauri.